Kibuyu Mezani

Mzee Kiogora hakuwa na begi la safari. Hakuwa na nguo za kulalia, wala viatu vya pili, wala meno ya kutafunia upande wa kushoto. Hakuwa na gari, wala jirani wa kumwazima gari bila kumhoji. Hakuwa na la kumwambia mjukuu wake Gacheri tangu mwalimu wa darasa la sita alipowaagiza wanafunzi waandike insha juu ya likizo. Gacheri aliandika habari za kuchuma kahawa, na insha iliposomwa darasa zima likacheka. Na hakuwa na kikaratasi chochote cha kuonyesha kwamba Gacheri na mdogo wake Mbaabu walikuwa wake. Alichokuwa nacho ni mila peke yake. Mama yao, Kathure, alikufa kabla ya mwanamume yeyote kuleta mahari, na watoto wa binti asiyeolewa ni watoto wa babu yao. Mila hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wa nyumba yake, na komeo lake pia.

Mwanamume aliyewazaa watoto hao alikuwa Ndwiga, mtu wa Embu, karani katika ofisi moja ya serikali huko. Alikuja kwenye mazishi ya Kathure mikono mitupu, na wazee wa Nkubu wakamkataza kutupa udongo kaburini. Baada ya hapo hakusikika. Kisha, likizo ya Agosti ilipokaribia, aliandika kwa simu: "Mzee, nimelipia watoto siku tatu kwenye kambi ya mahema huko Timau. Inaitwa glamping. Wewe ndiye utawapeleka. Mimi sitakuja. Nataka wafurahi tu."

Kiogora aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akamsomea mkewe Cicily, ambaye alikuwa akichambua maharagwe.

"Mtu ambaye hakununua hata soksi," Cicily alisema, "leo ananunua hema?"

"Ni la watoto. Si langu."

"Na yeye?"

"Amesema haji."

"Amesema," Cicily alirudia, akatupa jiwe dogo nje ya mlango.

Lakini Gacheri alikuwa amesikia. Alisimama karibu na dirisha bila kuomba, na huko kutoomba ndiko kulikomshinda mzee. Mtoto aliyezoea kukosa huwa haombi. Kiogora alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa kwa miaka mingi. Kusoma alijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaro, jioni baada ya kazi, na aliamini kwamba hakuna mahali duniani ambapo mtu mwenye adabu na maarifa hawezi kuingia. Alijibu ujumbe kwa Kiswahili sanifu, akaweka nukta mwishoni.

*

Gari la kambi liliwachukua kutoka kwao Nkubu, na mlinzi wa langoni kule Timau akamtazama mzee aliyeshuka akiwa na mfuko wa nailoni.

"Karibu mzee. Wewe ndiye fundi wa tangi?"

"Mimi ni mgeni," Kiogora alisema.

"Pole sana. Pole mzee wangu."

Kambi ilikuwa katikati ya mashamba ya ngano, imezungushiwa waya wa umeme kwa ajili ya ndovu. Mahema yake yalikuwa na vitanda vya mbao, mazulia na bafu. Lakini kilichomshangaza Kiogora zaidi ni vyombo. Teo za kupepetea mtama zilitundikwa ukutani kama picha za watakatifu. Vibuyu vya maziwa vilitobolewa, vikatiwa taa. Kigoda cha miguu mitatu, kama kile alichokalia baba yake akihukumu kesi, kiliwekwa kando ya kitanda cha Mbaabu ili mtoto apandie.

"Guka," Mbaabu alimuuliza babu yake, "hawa watu wanapepeta saa ngapi?"

"Hawapepeti. Ni pambo."

Jioni baridi ya mlima ilishuka, nao wakaingia kulala. Mara Mbaabu akaruka kutoka kitandani akipiga kelele.

"Guka! Kuna kitu kwa blanketi! Iko moto! Ni mnyama!"

Kiogora alifunua blanketi kwa ncha ya bakora, akalipiga lile dude mara moja, kwa nguvu. Mhudumu aliyeitwa Phyllis alikuja mbio, akatoa chini ya blanketi mpira uliojazwa maji ya moto na kuvishwa sweta.

"Ni ya kupasha kitanda, mzee," alisema akiuma midomo asicheke. "Kila mgeni huwekewa."

"Najua," Kiogora alisema. "Nilikuwa namwonyesha mtoto."

Phyllis alitoka. Mzee akasikia kicheko chake kikipasuka mbele kidogo, na kicheko cha mwanamume mmoja kikimpokea. Akaamua kwamba kuanzia hapo hataonekana akishangaa kitu chochote tena. Hata chakula alichokikataa usiku huo kwa kuogopa bei, mpaka alipoambiwa kila kitu kimelipwa, kesho yake angekila kama mtu aliyekizoea.

*

Asubuhi walikaa kwenye veranda, mlima ukiwa wazi mbele yao, theluji yake iking'aa. Wageni waliingia na kuketi bila kuamkiana. Kiogora aliona kwamba hiyo ndiyo desturi ya pale, naye akaifuata. Meza ya pili kulikuwa na mzee mwenye koti la kijivu akinywa chai. Kwingine kote Kiogora angemuuliza ukoo wake na rika lake kabla ya kuvuta kiti. Hapo alimwinamishia kichwa tu, kama alivyoona wengine wakifanya.

Phyllis alileta mkate na mayai. Katikati ya meza palikuwa na kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi.

"Hii nayo?" Gacheri aliuliza.

"Ni asali," Phyllis alisema. "Imeletwa kwa meza yenu tu. Spesheli."

Gacheri alimwagia babu yake juu ya mkate. Ilikuwa asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua ya nyika, si ya duka. Kiogora alikula. Akala kipande cha pili. Alipoona mzee wa meza ya pili anamtazama, alitaka kuonekana mtu anayejua kilicho kizuri.

"Asali safi sana," alisema.

"Karibu," yule mzee alijibu. "Yote ni yako."

"Asante."

Basi. Hayo tu ndiyo yaliyosemwa.

*

Saa sita hivi, Gacheri akiwa juu ya farasi na Mbaabu akingoja zamu yake, Kiogora alimwona mwanamume akimshika Gacheri mkono ili asianguke. Alikuwa Ndwiga. Alikuwa amenenepa, na nywele zilianza kumtoka mbele. Nyuma yake, karibu na jikoni, lilisimama pikapu, na nyuma ya pikapu alifungwa kondoo jike. Wazungu wawili walikuwa wakimpiga picha kondoo huyo wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mzee wa koti la kijivu alikuja kwa hatua za pole, kofia mkononi.

"Baba Kathure, hujambo tena. Mimi ni Njura, mdogo wake baba yake huyu kijana. Natoka Kiritiri. Asali uliyokula ni ya mizinga yangu."

Kiogora aligeuka akaitazama ile meza ya veranda. Kila mtu aliyezaliwa katika milima ile anajua: wanaoposa huleta asali, na mwenye binti akiila mbele yao amekubali kupokea mahari. Na mahari yakipokelewa, watoto wa binti ni wa aliyeyatoa.

"Nilidhani ni pambo," alisema.

"Ulikula pambo?" Njura aliuliza kwa upole.

"Hapa kila kitu ni pambo! Tazama zile teo. Tazama vibuyu vina taa ndani! Mtu atajuaje kipi ni cha kweli?"

"Mimi sikujificha. Nilikaa karibu nawe, nikakwambia yote ni yako. Ukasema asante."

"Hukuniambia wewe ni nani."

"Na wewe hukuniuliza. Nilikaa pale nikingoja uniulize ukoo, kama mzee anavyomuuliza mzee mwenzake. Nikajiambia, akiniuliza tu nitamweleza, akikataa kibuyu nitakichukua niende zangu. Ukaniinamishia kichwa."

Ndwiga alikuwa amewaacha watoto na mtunza farasi, akasimama hatua chache, mikono nyuma, kama anavyosimama mkwe.

"Ulisema hutakuja," Kiogora alimwambia.

"Nilisema."

"Basi wewe ni mwongo."

"Ndiyo, mzee. Lakini ningekuja kwako, ungenifungulia?"

"Umeniwekea mtego mbele ya wajukuu wangu."

"Ningeweza kwenda ofisi ya watoto pale Embu. Wakili aliniambia hiyo ndiyo njia fupi." Ndwiga alionyesha pikapu kwa kidevu. "Nimekuja na kondoo wa mahari."

"Mtu hapokonywi watoto kwa kipande cha mkate!"

Njura aligeuza kofia yake mkononi. "Baba Kathure, sisi tuliuliza habari zako kabla ya kuja. Wanakusifu. Wanasema kulikuwa na mtu huko kwenu anaitwa Mwongera, alikula asali ya watu, halafu akatokea mchumba mwenye lori, naye akadai alionja tu. Kesi ikaja kwenu wazee. Ni nani aliyesimama akasema asali iliyoliwa hairudi mzingani?"

Ni yeye Kiogora. Aliyasema maneno hayo akiwa amevaa kofia yake ya manyoya, watu wakanung'unika kwa kuridhika, na bintiye Mwongera akaenda kwa mtu ambaye baba yake hakumtaka. Tangu siku hiyo, kila alipopita sokoni Nkubu, watu walimwita mwamuzi.

"Kondoo tunarudi naye," Njura alisema. "Hapa si boma, hafunguliwi hapa. Siku hupangwa na wenye binti. Tutangoja barua yako ituambie tuje lini."

Mzungu mmoja alimuuliza Phyllis kama anaweza kumlisha kondoo. Phyllis akamwambia subiri.

*

Kiogora alirudi hemani akatia nguo za watoto kwenye mfuko wa nailoni. Hakueleza. Aliwashika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakaenda mpaka langoni.

"Tunaondoka," alimwambia mlinzi.

"Gari ni kesho, mzee."

"Tutatembea mpaka lami."

Mlinzi alitazama karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Aliisoma kwa kidole, akarudia kuisoma.

"Mzee, hapa imeandikwa familia ya Ndwiga. Watoto wawili, mlezi mmoja. Wewe unaweza kutoka. Hawa hapana, mpaka mwenye jina aseme."

"Mimi ni babu yao."

"Sikatai."

"Nimewalea. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa na surua. Unaniambia nitoke niwaache?"

"Mzee wangu, mimi naangalia karatasi. Nikifungua, kesho langoni kutakuwa na mtu mwingine, na mimi niko nyumbani na watoto wangu." Alitoa simu. "Nimpigie? Ni neno moja tu, akikubali nafungua."

Barabara ilionekana kupitia waya, imenyooka katikati ya ngano. Lori lilipita mbali bila sauti. Kiogora alijiona akiomba ruhusa ya Ndwiga ili atembee na wajukuu wake mwenyewe, na mlinzi akisikiliza jibu.

"Usipige," alisema.

"Guka, turudi?" Mbaabu aliuliza. "Leo kuna keki saa kumi."

*

Mvua ilinyesha alasiri ile, ikapiga turubai kwa kishindo hata ikabidi wapaze sauti. Mbaabu alilala na makombo ya keki mdomoni. Gacheri alikaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni.

"Kwani mmegombana?"

"Tumezungumza."

"Ni baba yetu, si ndiyo? Hakuniambia. Lakini ana masikio ya Mbaabu."

Kiogora alivuta blanketi, akamfunika mvulana vizuri. "Ndiye."

"Amesema huko kwake kuna chumba na vitanda viwili tayari. Mkewe anaitwa Nelius. Alishona mapazia."

"Alikwambia hayo juu ya farasi?"

"Nilimuuliza anaishi wapi."

"Na wewe unataka kwenda?"

Gacheri alichokoa ukucha. Kiogora alitamani mvua izidi ili asisikie.

"Sijui, guka. Nyinyi nawapenda. Lakini nataka kujua kwa nini hakukuja mami akiwa hospitali. Mami alikuwa anatazama mlango. Kila mtu akiingia, anatazama."

"Hukumuuliza hilo?"

"Wewe ndiye mkubwa," alisema Gacheri.

*

Cicily alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono imeshika kiuno. Watoto walikuwa wametumwa kuteka maji.

"Kwa hivyo ulikula."

"Nilikula."

"Ukashiba?"

"Mama Kathure, tafadhali."

"Nauliza tu. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii nikifikiri nimeolewa na mwamuzi, kumbe nimeolewa na mdomo." Alivuta kiti, hakukalia. "Sasa sikiliza. Usiandike. Barua isipoandikwa, siku haipo. Siku isipokuwapo, hawaji. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tukae kimya mpaka huyo Njura afe."

"Na Mwongera je? Nilimnyang'anya binti yake kwa maneno yale yale. Nimwambie nini tukikutana sokoni?"

"Ahaa. Kwa hiyo ni Mwongera." Cicily alishusha sauti, na hapo ndipo ilipokata zaidi. "Unawatoa watoto wa Kathure ili usichekwe sokoni."

Lilikuwa jambo ambalo Kiogora alikuwa amejiuliza njia nzima kutoka Timau, na hakuwa na hakika kwamba si kweli. Alitazama mikono yake juu ya meza. Kwa mikono hiyo alipima kahawa ya watu bila kuiba hata kilo, na watu walimwamini; sasa kuaminika kwenyewe kulikuwa kumemfunga kama kamba ya ng'ombe. Akikataa, ni mwongo. Akikubali, nyumba inabaki tupu. Akikawia, Ndwiga atakwenda ofisi ya watoto na kuwachukua kwa karatasi, kama langoni.

"Ofisi ya watoto," alisema hatimaye, "watamuuliza mshahara wake na vyumba vyake. Hakuna atakayemuuliza alikuwa wapi Kathure akifa. Kwenye kikao cha wazee ataulizwa. Akija kwa mila, mila ina haki ya kumuuliza. Gacheri anataka jibu hilo, nami sijui mahali pengine pa kulipata."

"Na akijibu?"

"Akijibu, amejibu."

"Halafu wanaenda."

"Halafu wanaenda."

Cicily alichukua ndoo akatoka kwenda kukamua ng'ombe, ingawa alikuwa amekwisha kumkamua. Mlangoni alisimama, hakugeuka.

"Hilo swali liwe la kwanza," alisema. "Kabla hawajapewa hata maji."

*

Aliandika asubuhi, mezani, kwa kalamu ya wino, akiwa amevaa koti. Rasimu ya kwanza aliichana kwa sababu ilikuwa na hasira, na ya pili kwa sababu ilikuwa inaomba. Ya tatu ilisema hivi:

"Kwa Bwana Njura, Kiritiri, ikabidhiwe kwanza kwa Ndwiga, Embu. Nimekula asali yenu na sikani. Njoni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kondoo asishushwe garini kwanza. Ndwiga atasimama mbele ya wazee, mbele ya mama wa marehemu, na mbele ya watoto, aseme alikuwa wapi wakati mama yao alipolazwa na kumngoja. Asipoweza kulisema, arudi na kondoo wake, na asali nitawalipa kwa kibuyu cha ukubwa huohuo. Akilisema, tutaendelea na mengine kama inavyopasa. Watoto watamaliza muhula huu hapa. Likizo zote ni zetu. Mimi, Kiogora."

Aliikunja mara tatu. Gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani na ulimi wake mkavu, ikabidi achovye kidole kwenye chai iliyobaki kikombeni, apitishe ukingoni, kisha akandamize kwa kiganja mpaka ishike. Gacheri alikuwa amesimama nyuma yake akisoma anwani.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

Msichana akaenda kufua sare yake.

Nkubu, ofisi ya vifurushi vya magari ya Embu ilikuwa na foleni mpaka nje. Zamu yake ilipofika, kijana wa kike aliyekuwa akitafuna karanga aliigeuza bahasha huku na huku.

"Ndani kuna nini, mzee?"

"Barua."

"Thamani yake?"

"Thamani gani?"

"Ikipotea, tukulipe ngapi. Kompyuta haikubali nikiacha wazi."

Kiogora aliinyoosha mikono yake miwili juu ya kaunta, kana kwamba angeichukua bahasha tena. Nyuma yake mtu mwenye gunia la parachichi alikohoa.

"Mzee, watu wanangoja."

"Haina bei," alisema.

"Basi naandika mia moja. Barua zote tunaandika mia moja." Alibonyeza, akachapa, akagonga muhuri wa bluu juu ya jina la Ndwiga, akaitupa bahasha ndani ya kikapu nyuma yake, juu ya vipuri vya pikipiki na boksi la vifaranga waliokuwa wakilia. "Itafika leo jioni. Anayefuata!"